Nani Kampa Mbunge Wako Alama Mia?

Shikamooni wazee wetu. Bwana Yesu asifiwe, na kwa ndugu zetu Waislamu, asalaam aleikum. Nawashukuru viongozi wa jumuiya kwa kunipa nafasi hii. Nawashukuru na ninyi mlioiacha Jumamosi yenu, wengine mkitoka moja kwa moja kwenye zamu ya usiku, kuja kusikiliza habari za kura za Bunge la Marekani.

Wengi wenu humu mmekwisha kula kiapo cha uraia, na wengine mnasubiri tarehe. Mmetoka Bukavu, Uvira, Kigoma, Mombasa, Bujumbura. Wapo waliopitia kambi za wakimbizi za Nyarugusu au Kakuma kwa miaka mingi kabla ya kufika hapa. Na nyote mmeshaona kwamba uchaguzi unapokaribia, karatasi zinaanza kumiminika: kwenye sanduku la barua, kwenye meza ya mlangoni kanisani, kwenye magurupu ya WhatsApp. Karatasi ina picha ya mbunge au seneta, na chini ya picha kuna namba. Mia kwa mia, au sifuri. Maelezo yanasema huyu anatetea familia, na yule ni adui wa familia. Watu wetu, kwa kuwa familia kwetu si jambo la mzaha, wanaitazama ile namba na kuamua papo hapo.

Leo nataka tuzungumze juu ya namba hiyo. Sikuja kuwaambia mmpigie nani, na atakayeniuliza nampigia nani sitamjibu. Nina jambo moja tu, na ninalisema kabisa mapema: namba hiyo ni halali, imetengenezwa kwa kura za kweli, na inastahili kusomwa. Lakini imetengenezwa na mtu aliyechagua kura zipi zihesabiwe na zipi ziachwe. Nawaomba msikubali kuipokea namba bila orodha ya kura iliyoizaa.

Wahenga walisema ukiona vyaelea, vimeundwa. Basi tuanze na waundaji.

Wa kwanza kuizoeza Marekani desturi hii hawakuwa wahafidhina. Walikuwa waliberali wa chama kiitwacho Americans for Democratic Action, kilichoanzishwa mwaka 1947, na Eleanor Roosevelt alikuwa mmoja wa waasisi wake. Utaratibu wao ni rahisi sana. Huchagua kura 20 za mwaka, kila moja ina pointi 5, na jumla ni 100. Asiyekuwepo bungeni siku ya kura hapati kitu, hata kama alikuwa kitandani hospitalini. Wahafidhina walijibu kwa mizani yao: American Conservative Union ilianza kutoa alama mwaka 1971. Tangu hapo mwanasiasa wa Marekani anatembea na namba mbili zinazopingana, na kila upande unajivunia ile inayoufurahisha.

Kuna jambo la kiufundi hapa ambalo watu hulipita haraka, nami naomba tulikalie kidogo. Huwezi kumpa mtu alama kama hujui alipigaje kura. Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1970, Baraza la Wawakilishi lilipokaa kama kamati ya Baraza zima kujadili marekebisho ya muswada, wabunge walipita mbele ya wahesabuji wakahesabiwa vichwa, na majina hayakuandikwa. Mbunge aliweza kuliua jambo mchana, kisha jioni akawaambia watu wake alilitetea. Sheria ya mwaka 1970 ya kupanga upya shughuli za Bunge ilifungua mlango wa kuandika majina katika kura hizo, na Januari 1973 mashine za elektroniki zikaanza kazi. Siku hizi mbunge anaingiza kadi yake kwenye kisanduku, anabonyeza kitufe, na juu ukutani, nyuma ya kiti cha Spika, jina lake linawaka: kijani kwa ndiyo, nyekundu kwa hapana. Kwa kawaida wanapewa dakika 15. Baada ya hapo jina lake na kura yake ni mali ya umma, na wewe uliyeko hapa unaweza kuiona jioni ileile kwa simu yako.

Fikirieni tulikotoka. Ukifungua Hansard, yaani kumbukumbu rasmi za Bunge la Tanzania, kwenye miswada mingi utakuta maneno haya: "Hoja iliamuliwa na Kuafikiwa." Imeafikiwa na nani? Hujui. Wamesema ndiyo kwa sauti, Spika amesikia, basi. Kenya nako, muswada wa ndoa wa mwaka 2014, ule ulioruhusu mume kuongeza mke bila kumshauri aliyenaye, ulipita huku wabunge wanawake wakitoka ukumbini kwa hasira. Mwananchi aliyetaka kujua mbunge wake alisimama wapi, jina kwa jina, alipata shida. Ndiyo maana wenzetu wa Mzalendo kule Nairobi, walioanza kufuatilia wabunge katikati ya miaka ya 2000, wakitoa alama zao huhesabu zaidi nani amezungumza bungeni na mara ngapi, maana kura zenye majina ni chache. Kwa hiyo hapa tulipo tuna kitu cha thamani. Tusikiache mikononi mwa watu wengine.

Sasa tuingie kwenye familia yenyewe.

Mwishoni mwa miaka ya 1970 Wakristo wengi wahafidhina wa Marekani waliingia siasa kwa nguvu. Sababu zao zilikuwa za dhati: uamuzi wa Mahakama ya Juu wa mwaka 1973 uliohalalisha utoaji mimba nchi nzima, sala kuondolewa katika shule za serikali, na hofu kwamba serikali inaingilia shule zao za dini. Kikundi kimoja, Christian Voice, kikatoa orodha ya kura 14 kikiziita masuala ya maadili, na kila mbunge akapewa alama. Ndani ya orodha hiyo mlikuwemo utoaji mimba na sala shuleni, kama mnavyotarajia. Lakini mlikuwemo pia mkataba wa ulinzi na Taiwan, na suala la kuanzisha Wizara ya Elimu. Jiulizeni mkataba wa ulinzi na Taiwan unaingiaje katika maadili ya familia. Waliotunga orodha waliona unaingia, kwa kuwa kwao vita dhidi ya ukomunisti ilikuwa vita ya kiroho. Ni mawazo yao na haki yao. Lakini mama wa Ohio aliyepewa namba tupu hakuambiwa kwamba ndani yake kuna Taiwan.

Na matokeo yake? Richard Kelly, mbunge wa Florida, alipata mia. Huyu ndiye aliyenaswa na kamera ya siri ya FBI, katika kashfa iliyoitwa Abscam, akijaza dola 25,000 mifukoni mwake. Robert Drinan wa Massachusetts, padri wa shirika la Wajesuiti, alikuwa chini kabisa ya orodha. Sisemi padri alionewa. Alikuwa akipiga kura kutetea haki ya kutoa mimba, na Kanisa lake lenyewe lilikuwa na neno naye. Mwaka 1980 Papa Yohane Paulo wa Pili akaagiza mapadri waache ubunge, naye akatii. Ninachosema ni kwamba alama ilipima kura 14, haikupima mtu. Aliyedhani inapima uadilifu alimpigia makofi mtu mwenye noti mifukoni.

Miaka kumi baadaye kazi hii ikawa kubwa kupita kiasi. Pat Robertson alianzisha Christian Coalition mwaka 1989, na kijana aliyeitwa Ralph Reed akawa mtendaji wake mkuu. Wao walitengeneza karatasi ya ukurasa mmoja: picha mbili, mgombea huyu na mgombea yule, na katikati orodha ya mambo, kila jambo likiwa na neno "anaunga mkono" au "anapinga". Fedha za umma kwa utoaji mimba, kupandisha kodi ya mapato, bajeti isiyozidi mapato. Mwaka 1994 walidai kusambaza karatasi milioni 33, nyingi zikiwekwa makanisani Jumapili ya mwisho kabla ya uchaguzi. Jumapili ya mwisho! Mgombea aliyeona kaandikwa vibaya alikuwa na Jumatatu moja tu ya kujieleza.

Tume ya uchaguzi ya taifa iliwashtaki mwaka 1996. Mwaka 1999 jaji aliwapa Christian Coalition ushindi katika sehemu kubwa ya kesi ile: karatasi zile zilikuwa maoni yanayolindwa na Katiba. Mwaka huohuo mamlaka ya mapato ikawanyima msamaha wa kodi waliokuwa wameuomba tangu mwanzo. Hapo lazima mjue sheria kidogo, kwa sababu inawahusu wachungaji waliomo humu.

Tangu 1954 sheria ya kodi ya Marekani inakataza taasisi za hisani, yakiwemo makanisa na misikiti, kumpigia debe mgombea au kumpinga. Mwaka 2025 mamlaka ya mapato iliiambia mahakama moja Texas kwamba haioni maneno ya mchungaji kwa waumini wake mwenyewe, ndani ya ibada, kuwa yanaangukia katika katazo hilo, na suala hili bado lina mabishano. Lakini kwa karatasi za alama, mwongozo wa zamani ni wa mwaka 1978: taasisi ya hisani inaweza kuchapisha kura za wabunge wote juu ya mambo mengi mbalimbali, bila kusema nani mzuri na nani mbaya. Ikichagua jambo moja finyu na kuielekeza karatasi kwa wapigakura, imeshavuka mpaka. Ndiyo maana vikundi vingi vina nyumba mbili. Kuna Family Research Council, iliyoanza mwanzoni mwa miaka ya 1980 na ambayo James Dobson alikuwa mwasisi wake, inayofanya utafiti na elimu; halafu kuna FRC Action, yenye aina nyingine ya usajili, inayoruhusiwa kufanya ushawishi na kutoa alama. Mchango unaotolewa kwa ile ya pili haukatwi kwenye kodi yako. Mchungaji akiletewa boksi la karatasi, swali la kwanza liwe: hizi zimetoka nyumba ipi?

FRC Action ndiyo wengi mnaokutana nayo. Kila kikao cha Bunge hutoa orodha ya kura, na nyingi zinahusu utoaji mimba, ndoa, jinsia na uhuru wa dini. Anayepata mia hupewa heshima wanayoiita True Blue, na ofisi yake huitangaza kwa furaha. Upande wa pili, Human Rights Campaign, inayotetea haki za mashoga na wasagaji, nayo hutoa alama kwa kila Bunge la miaka miwili, na yenyewe inahesabu hata jina la mbunge likiwa miongoni mwa wadhamini wa muswada. Ukiweka orodha hizi mbili mezani, utaona wabunge wengi wana mia huku na sifuri kule.

Kura huchaguliwaje? Ofisi ya mbunge hupokea barua, mara nyingi siku moja au mbili kabla ya kura, ikisema: tunakuomba upige hapana, na kura hii tutaiingiza kwenye alama zetu. Ni mistari michache tu, lakini ina uzito. Mbunge hahofii sana chama pinzani. Katika majimbo mengi chama pinzani hakiwezi kumshinda. Anachohofia ni mchujo wa ndani ya chama chake, ambapo atatokea mtu na tangazo la televisheni: mbunge wetu ana alama 80 tu kwenye familia, mimi nitawaletea 100. Kwa hiyo barua ile haipimi tu kura. Inaivuta.

Tuchukue kura moja tuitazame kwa karibu. Mwaka 2022 Bunge lilipitisha sheria ya kuheshimu ndoa. Ilifuta sheria ya mwaka 1996 iliyosema serikali kuu itatambua ndoa ya mume na mke tu, na ikazitaka serikali ya shirikisho na majimbo yote kutambua ndoa iliyofungwa kihalali katika jimbo jingine, ikiwemo ya watu wa jinsia moja. Baraza la Wawakilishi lilipiga kura Julai: 267 kwa 157, na Warepublikan 47 waliunga mkono. Seneti ikaongeza kifungu kinachosema taasisi za dini hazitalazimishwa kufungisha ndoa zisizozitaka, ikapitisha Novemba 29 kwa 61 dhidi ya 36. Muswada uliporudi Barazani Desemba, 258 kwa 169, Warepublikan waliounga mkono walikuwa wamepungua hadi 39.

Kwa FRC Action, ndiyo ilikuwa kosa. Kwa Human Rights Campaign, hapana ilikuwa kosa. Lakini tazameni jimbo la Utah. Maseneta wake wawili wa wakati huo, Mitt Romney na Mike Lee, wote ni Warepublikan, wote ni waumini wa Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, lile linaloitwa la Wamormoni. Kanisa hilo lilitoa tamko kwamba mafundisho yake juu ya ndoa hayajabadilika, ndoa ni ya mume na mke, lakini linaiona sheria hii pamoja na ulinzi wake wa dini kuwa njia ya kuendelea kuishi pamoja. Romney akapiga ndiyo. Lee aliona ulinzi ule hautoshi, akaleta marekebisho yake, yakashindwa kwa 48 dhidi ya 49, akapiga hapana. Maaskofu Wakatoliki wa Marekani nao waliipinga sheria. Hapa kuna mjadala mzito kabisa wa waumini kwa waumini, juu ya namna gani dini ilindwe katika nchi ya watu wa kila imani. Mimi nina maoni yangu juu yake na ninyi mna yenu. Lakini kwenye karatasi mjadala wote huo unakuwa alama ya tiki au alama ya mkasi.

Nitawapa mfano unaoniuma zaidi. Bart Stupak wa Michigan, Mdemokrat, Mkatoliki, alipinga utoaji mimba kwa miaka karibu 18 bungeni, ndani ya chama ambacho wengi wao hawakuwa upande wake. Mwaka 2009, sheria ya bima ya afya ya Rais Obama ilipokuwa ikijadiliwa, alileta marekebisho ya kuzuia fedha za umma kulipia utoaji mimba, na yakapita Barazani kwa 240 dhidi ya 194. Seneti haikuyachukua. Machi 2010, baada ya Obama kuahidi amri ya rais ya kuweka kizuizi hicho, Stupak alipiga ndiyo, na sheria ikapita kwa 219 dhidi ya 212. Kikundi cha Susan B. Anthony List, kinachopinga utoaji mimba, kilikuwa kimepanga kumpa tuzo ya mtetezi wa uhai wiki ileile. Kikamnyang'anya. Wiki chache baadaye akatangaza kwamba hatagombea tena.

Kikundi kilikuwa na hoja: amri ya rais inaweza kufutwa na rais mwingine, sheria haifutwi kirahisi hivyo. Hoja hiyo naiheshimu. Lakini siku hizohizo masista Wakatoliki, wakiongozwa na kikundi chao cha NETWORK kilichoanzishwa mwaka 1971, waliandika barua wakiomba Bunge lipitishe sheria hiyo, wakisema kumtibu mama maskini mwenye mimba ndiko kutetea uhai. NETWORK nao huchapisha kila mwaka orodha yao ya kura za wabunge, wakihesabu mambo ya umaskini, afya, uhamiaji. Kwa hiyo kuna Wakristo wanaotoa alama hizi na Wakristo wanaotoa alama zile, na mbunge mmoja anaweza kuwa juu kabisa kwao na chini kabisa kwa wenzao, bila yeyote kati yao kusema uongo.

Kuna mengine ambayo hesabu haioni. Kura ya kiutaratibu, kwa mfano. Septemba 21 mwaka 2010 Seneti ilipiga kura kama ianze kujadili muswada wa ulinzi uliobeba ufutaji wa sheria ya kuwazuia mashoga wasitumikie jeshi waziwazi. Zilihitajika kura 60, zilipatikana 56. Katika orodha ya hapana limo jina la Harry Reid, kiongozi wa Wademokrat, aliyekuwa anataka muswada ule upite! Alibadilisha kura yake makusudi, kwa kuwa kanuni za Seneti hazimruhusu aliyepiga kura na upande ulioshindwa kuomba kura irudiwe. Desemba sheria ikafutwa kwa 65 dhidi ya 31. Anayehesabu bila kujua kanuni angemwandika Reid kama mhafidhina wa siku hiyo.

Halafu uteuzi wenyewe unavuta watu kwenye ncha. Mtaalamu wa siasa James Snyder aliliandika hili mwaka 1992: vikundi hupenda kuchagua kura zenye ushindani, zile zinazoligawa Bunge katikati, na kura za namna hiyo zikijaa kwenye orodha, wabunge wengi hurundikana karibu na mia au karibu na sifuri. Watu wa katikati wanapotea kwenye karatasi ingawa wapo ukumbini. Nawasihi mlikumbuke hili, hasa ninyi mliotoka nchi ambazo mgawanyiko wa kisiasa ulifika kwenye mapanga. Karatasi inaweza kukufanya uamini kwamba jirani yako amewachagua mashetani, kumbe kilichotokea ni kwamba kura 300 walizokubaliana hazikuingizwa.

Sasa swali linalotuhusu sisi kabisa: familia ni nini kwenye karatasi hizi?

Mwaka 2021 Bunge lilipitisha mpango wa uokoaji wa uchumi baada ya korona, 220 kwa 211 Barazani, 50 kwa 49 Seneti. Ndani yake ilipandishwa nafuu ya kodi kwa ajili ya watoto hadi dola 3,600 kwa mtoto wa chini ya miaka 6 na dola 3,000 kwa wakubwa zaidi, na kuanzia Julai hadi Desemba familia zikaingiziwa fedha kila mwezi, dola 300 kwa mtoto mdogo. Najua wapo humu waliozipata, waliolipia kodi ya nyumba au viatu vya shule. Sheria hiyohiyo ilitoa fedha nyingi za afya bila kizuizi cha Hyde, ile kanuni ya tangu 1976 inayozuia fedha za shirikisho kulipia utoaji mimba. Vikundi vinavyopinga utoaji mimba viliipinga kwa sababu hiyo, na ni sababu ya kweli, si kisingizio. Mbunge alikuwa na kitufe kimoja. Ukisikia kwamba kura yake siku ile ilikuwa dhidi ya familia, au kwa ajili ya familia, uliza: familia katika jambo lipi?

Na kuna familia inayosubiri. Humu ndani kuna baba ambaye mke wake yuko kambini tangu mtoto wao wa mwisho yuko tumboni. Mtoto huyo sasa anasoma. Kuna mama anayefanya kazi ya kufungasha nyama, aliyerudi kwenye mstari wa kazi wiki chache baada ya kujifungua kwa sababu hana likizo ya kulipwa. Mimi naamini kwa moyo wangu wote kwamba mambo haya ni ya familia sawasawa na ndoa na mimba, na karatasi inayojiita ya familia bila kuyagusa ina pengo. Mwingine atasema hapana, uhai kwanza, bila uhai hakuna mke wa kusubiri. Aseme. Lakini huo ni uamuzi wako wewe mpigakura na dhamiri yako, na ukipokea namba bila orodha, umemwachia mtu wa Washington akuamulie.

Basi karatasi ikifika, fanyeni hivi. Kikundi chochote makini huweka orodha nzima ya kura, pamoja na namba ya kila kura; kama namba za kura hazipo, karatasi hiyo iwekeni pembeni. Chukueni mbili au tatu zinazowagusa, mzitafute kwenye tovuti ya karani wa Baraza la Wawakilishi au ya Seneti, na muhtasari wa muswada kwenye congress.gov. Watoto wenu wa sekondari wanaweza kuwasaidia kwa Kiingereza, na itawafaa wao pia. Angalieni kama mbunge alikosa kura kwa kutokuwepo. Kisha tafuteni orodha ya kikundi kinachopinga hicho cha kwanza, maana huko ndiko mtakuta kura ambazo cha kwanza kiliziacha. Na mkiona kura msiyoielewa, pigeni simu ofisi ya mbunge iliyopo hapa mjini. Mna haki hiyo. Semeni: mimi ni mpigakura wa wilaya hii, naomba kujua kwa nini alipiga hivi. Hata mwenye lafudhi kama yangu hujibiwa.

Na msisahau bunge la jimbo. Tangu mwaka 2022, Mahakama ya Juu ilipourudisha uamuzi wa utoaji mimba kwa majimbo, kura nyingi zinazogusa mambo haya zinapigwa huko, na wengi wetu hatujui hata jina la mwakilishi wetu wa jimbo. Huko nako vikundi vinatoa alama.

Pale mezani nimeweka nakala za orodha tatu juu ya mbunge wetu wa hapa: ya FRC Action, ya Human Rights Campaign na ya NETWORK, zote za kipindi kimoja. Chai iko tayari. Tukae watu watatu watatu, kila mmoja achukue orodha moja, aanze kusoma kura, aachane na namba ya juu. Baada ya nusu saa tutarudi, na ningependa kusikia kwanza kutoka kwa akina mama: kura ipi mliitafuta kwenye orodha zote tatu mkaikosa.